Breki za Nyuma na Ridhaa ya Aliye Mbele

Magazeti yetu yana sarufi yake ya ajali. Gari huacha njia. Tairi hupasuka. Breki hukataa. Katika sentensi hizo tatu hamna mtu. Vitenzi vyote vimekabidhiwa vitu, kana kwamba chuma kiliamka asubuhi na kiburi chake. Kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno, swali halikwepeki: breki zinapokataa, ni nani hasa aliyekataa? Na lini alikataa: pale mteremkoni, au miezi kadhaa kabla, gerejini, mkono ulipokuwa mfukoni ukihesabu noti?

Nimelirudia swali hilo kwa sababu ya shauri la bwana mmoja wa Kwa Sadala na gari la marehemu baba yake. Msomaji wa visiwani asiyepajua Kwa Sadala na ajue kuwa ni mji mdogo wa soko kandoni mwa barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, kabla hujafika Boma Ng'ombe. Hapo ndipo inapochepuka njia ipandayo Masama, kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Barabara kuu ina malori na mwendo wa kasi. Njia ya Masama ina mteremko. Gari likaalo hapo hapana budi lijue yote mawili.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia na kuanza kuuzwa mwaka 1960. Katika Afrika Mashariki jina hilo lina heshima yake. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 waliokuwa ndani yake ni Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania. Mzee alilinunua kwa fedha za kahawa. Mwanawe halitumii kutafutia riziki. Hulitoa Jumapili, na siku za harusi hulifunga maua. Huko Marekani watu wa hali yake hushughulika na Mustang na Camaro za miaka ya 1960, magari ambayo aghalabu injini zake ziliwazidi nguvu breki zake, na jambo wanaloshindania ni hili hili lililomkuta bwana wetu: magurudumu ya nyuma yaachiwe ngoma zake za asili, au yawekwe diski?

Fundi wake alikwisha kuamua. "Mzee, nyuma tuweke diski," alimwambia. "Kuna ekseli ya gari la Kijapani, naikata, naichomelea, kazi ya siku tatu." Bwana akajibu, "Fundi, baba hakuwa na diski." Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama, na kila mmoja akaondoka akidhani mwenzake hana akili.

Nadhani wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, ila walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

Tuanze na vyuma, kwa maana maadili yasiyojua vyuma ni porojo. Aina zote mbili za breki zina umri mmoja: mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alikuwa na ngoma yake, na mwaka huo huo Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya diski. Ngoma ikatawala nusu karne. Mwaka 1953, mwaka ule ule mbio za Safari zilipoanzishwa kwetu, Jaguar zenye diski zilishinda Le Mans, na tangu hapo mambo yakageuka. Katika ngoma, viatu viwili hutanuka ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka na kukikwaruza. Katika diski, sahani ya chuma hubanwa pande mbili kama mtu abanavyo sarafu kwa vidole. Ngoma huficha joto lake tumboni. Diski iko uchi mbele ya upepo. Ngoma ikipata joto hutanuka, ikakimbia viatu vyake, na mguu wa dereva huzidi kuzama akitafuta breki iliyokuwapo dakika tano zilizopita.

Joto hilo si jambo la vitabuni. Breki haiui mwendo, huugeuza kuwa moto. Gari la kilo 1,400 pamoja na abiria, likishuka mita 100 za wima bila kuongeza kasi, hutoa joto la kutosha kuchemsha takribani lita 4 za maji. Injini ikiwekwa gia ndogo huchukua sehemu ya mzigo huo, na anayeshuka na gia huru akitegemea mguu peke yake huuweka wote ndani ya vyungu vinne vilivyozibwa. Atokaye Masama hushuka mamia ya mita.

Kwa hiyo fundi ana haki? Ngojea kwanza. Gari linapofunga breki, uzito wake huinama mbele, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Magurudumu ya mbele ndiyo yafanyayo kazi kubwa ya kusimamisha. Ya nyuma hubaki mepesi, na mara nyingi mchango wake hauzidi theluthi moja. Ukiyapa ya nyuma breki kali bila kupima mgawanyo wa shinikizo, yatajifunga kabla ya yale ya mbele, na gari litageuza mkia. Diski za nyuma zilizochomelewa kwa siku tatu zaweza, siku ya mvua, kuwa hatari kuliko ngoma zilizokuwapo. Tena ngoma ina fadhila ambayo wenyeji wa mlimani wataielewa upesi: ni hodari wa kushika gari lililosimama. Kiatu kimoja huvutwa na mzunguko wa ngoma yenyewe kikazidi kujikaza, na hendibreki ya kamba ya waya, isiyo na msaada wowote wa mafuta, hukamata barabara. Hata magari mengi mapya yenye diski nyuma huficha kingoma kidogo katikati ya diski kwa ajili ya kazi hiyo.

Peugeot wenyewe, miaka ya mwisho ya 1960, waliipa 404 diski za mbele, na nyuma wakaacha ngoma.

Hapa sasa tulitazame jibu la bwana: baba hakuwa na diski. Sitalidharau. Kuna watu wanaoona mapenzi ya vitu vya kale kuwa utoto, nami simo kati yao. Kanyagio la breki lina sauti yake, lina kina chake, na mwana aliyepanda gari la baba yake akiwa mdogo akalirithi akiwa mtu mzima huweka mguu wake pale pale ulipokuwa mguu wa marehemu. Plutarch aliandika habari za jahazi la Theseus lililobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine mpaka wenye falsafa wakagombana kama bado ni lile lile. Sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda Athens. Tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Mfano wake ulijengwa mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, miaka mingi kabla sehemu ya jumba hilo kuporomoka mwezi Desemba 2020. Kamba haidumu kama mbao. Ilipochakaa chombo kilishonwa upya, na sidhani kuna nahodha aliyekataa kamba mpya kwa kusema kuwa ya zamani ilifungwa na babu.

Mfasiri naye anaujua mvutano huu. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Uaminifu kwa asili haukumzuia kusahihisha. Lakini mfano huu una kikomo, na kikomo chake ndicho kiini cha shauri letu. Tafsiri mbovu humdhulumu mwandishi na humchosha msomaji, na msomaji ana hiari ya kufunga kitabu. Katika gari yupo mtu wa tatu: mwenye bodaboda aliyesimama mbele, mama anayevuka na mkungu wa ndizi kichwani. Huyo hakuulizwa. Abiria aliyepanda ameridhia, hata kama kwa haya tu. Aliye mbele hakutoa ridhaa ya aina yoyote, na kumbukumbu za baba wa mtu mwingine hazimhusu.

Ndiyo maana nasema rangi ya gari, viti, usukani, hata injini, ni mali ya mwenye gari na ya marehemu wake. Breki ni amana. Umeishika kwa niaba ya watu usiowajua.

Atauliza mtu: kama ni hivyo, mbona tusiyafute magari yote ya zamani? Nusu ya wakulima wangeshindwa kufikisha mazao sokoni. Ni pingamizo zito, nami naona jibu lake limo katika sababu ya safari. Mwenye pikapu iliyochoka anayeteremsha ndizi ili alipe ada ya shule ana udhuru ambao hatuwezi kuupuuza, ingawa haumwondolei dhima yote. Anayetoa gari Jumapili ili lipendeze hana udhuru huo. Kadiri safari inavyokuwa ya raha, ndivyo anavyopaswa kuwapunguzia wengine hatari. Wapenzi wa magari ya kale husema kinyume: kwamba kwa kuwa gari hutoka mara chache, yaachwe yote kama yalivyokuwa. Hoja hiyo sijaielewa bado.

Na barabara yenyewe si ile ya baba. Shankland alipokuwa akishinda, bodaboda hazikuwapo, na gari la mbele lilisimama polepole kama lake. Leo Noah iliyo mbele ina breki zinazoongozwa na kompyuta; husimama ghafla, ilhali 404 iliyo nyuma yake bado inatafakari.

Kuna mtu mwingine asiyeulizwa, na huyu husahauliwa hata na wenye huruma: fundi. Viatu vya breki vya zama zile vilitengenezwa kwa asbestosi, na ngoma hukusanya vumbi lake kama sufuria. Kijana akifungua ngoma ya zamani akapuliza kwa mpira wa upepo, huvuta pafuni kitu kiletacho saratani miaka 20 au 40 baadaye. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na viatu vipya viwe visivyo na asbestosi. Mwenye gari anayedai vya asili kabisa ajue anadai nini, na kutoka kwa nani.

Ningeulizwa mimi, basi, ningemwambia bwana wa Kwa Sadala aache swali la nyuma kwanza, atazame mbele. Atafute diski za mbele za 404 za baadaye, ambazo ni za ukoo wa gari lake. Magari mengi ya zama zile yana pampu kuu yenye njia moja, bomba moja likivuja breki zote zimekwenda. Marekani ililazimisha njia mbili kwa magari mapya mwaka 1968. Aweke ya njia mbili. Nyuma abaki na ngoma, zikachongwe zikiwa zimekula upande. Na mafuta ya breki ayabadilishe, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa: mafuta ya kawaida ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, yakishanywa maji ya asilimia 4 hivi kiwango chaweza kushuka hadi 140, na yakichemka hugeuka mvuke, kanyagio likazama kama mguu kwenye tope. Hiyo si kazi ya siku tatu, wala haina mwisho. Ni ya kila mwaka au miwili, na haionekani na mtu yeyote siku ya harusi.

Atapoteza kitu. Kanyagio halitakuwa lile alilolikuta, na hasara hiyo ni ya kweli, simwambii aifurahie. Vyuma vya zamani avipake grisi, avifunge gunia, aviweke darini pamoja na kadi ya gari, ili mwanawe akitaka kujua babu yake alikanyaga nini, avione.