Thuluthi ya Pumzi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuzungumza jambo ambalo huenda baadhi yenu mkasema si la mimbari, nalo ni khabari ya chakula chetu. Katika muda usiotimia mwaka tumezika watu wawili wa darasa letu, wote hawajafika miaka 50, wote watu wa kazi: mmoja karani, wa pili dereva wa lori. Yule karani moyo wake ulisimama yu kazini. Matangani tukasikia wengine wakisema ni jini, wengine kijicho cha wenziwe. Nasi twajua, kwani alitwambia kwa kinywa chake, ya kuwa daktari alimwonya zamani kuwa ana presha na sukari, akaziacha dawa alipojiona hajambo. Hatukatai ya kuwa ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Twakataa jini kubebeshwa mzigo wa sinia.

Tazameni siku ya mtu wa kazi. Alfajiri chai tamu kwa mahamri matatu, naye mbio. Mchana hana nafasi, hula viazi karai vilivyokaangwa kwa mafuta yaliyochemka tangu jana, akateremshia soda. Kutwa amekaa kitako. Akirudi baada ya Isha ndipo aletewapo wali wa nazi, ale mpaka kuinuka kumshinde, kisha alale papo hapo.

Wali, mkate na mahamri vyote hugeuka sukari damuni. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika nyama za mwili. Mtu akizidisha kila siku wala hatembei, mafuta hujaa tumboni na katika ini, mwili ukawa hauitii tena insulini. Kongosho likajitahidi mpaka likachoka. Sukari ikikaa damuni miaka, huharibu mishipa ya macho, ya figo, ya miguu na ya moyo. Na khatari yake khasa ni kuwa mwanzoni haiumi. Presha nayo ni hivyo hivyo, na chumvi huipandisha.

Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kutiwa isizidi gramu 50 hivi, yaani vijiko 12. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, vimekwisha timiza hesabu hiyo, na halua bado haijafunguliwa.

Wala haya si mageni kwetu. Qur'ani katika Surat Al-A'raf imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufunza ya kuwa mwanaadamu hutoshwa na matonge machache, na akiwa hana budi kuzidi, tumbo aligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Sisi twaihifadhi Hadithi hii kwa Kiarabu chake, kisha tukikaa siniani twaziba hata nafasi ya pumzi.

Yuko atakayesema: mimi maskini, nitavipata wapi vyakula vya madaktari? Twamjibu: mchicha, kunde, pojo na samaki wa kuchoma si vyakula vya matajiri. Wali hatukuuharimisha, twasema uwe kidogo, uliwe mapema, na mtu atembee kwenda msikitini badala ya kupanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi. Na mwenye dawa asiziache ila kwa neno la daktari.

Sisi wenyewe tuna makosa. Kila Alkhamisi baada ya darsa tulikuwa tukiandaa sambusa na halua, na marehemu hao wawili walikula mikononi mwetu, nasi twajua hali ya mmoja wao. Kuanzia juma lijalo patakuwa na kahawa tungu na tende moja moja, na ndugu yetu mmoja aliye muuguzi atakaa mlangoni na kipimo cha presha. Wapenzi wa halua wamekwisha kutununia.