Mwislamu Mbele ya Meza ya Kizungu

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ndugu walioingia karibuni katika Uislamu, na hata na wale ambao wangali wanaichunguza dini, ni hili: Mtu amealikwa chakula cha mchana katika hoteli ya mtindo wa Kizungu, tuseme ya Kitaliano au ya Kifaransa, mjini Nairobi au Dar es Salaam. Aliyemwalika ni mkuu wake wa kazi, au rafiki yake Mkristo. Je, aende? Na akienda, kuketi mbele ya kitambaa cheupe na kushika uma na kisu, si kuwaiga wasioamini na kuiacha njia ya Mtume Mtukufu (s.a.w.)?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Wako waliovunja urafiki na hata udugu kwa kulijibu kwa pupa. Na wako walioipoteza dini yao kidogo kidogo kwa kulidharau. Basi yafaa tulitazame kwa utulivu, tukitenganisha yale aliyoyaamuru Mwenyezi Mungu na yale ambayo ni desturi za wanadamu tu.

Kwanza tuzitazame desturi. Mtume (s.a.w.) alikula kwa mkono wake wa kulia, na anayefuata hivyo kwa kumpenda amefanya vyema. Lakini Hadithi zatueleza pia kwamba alikata nyama ya bega la kondoo kwa kisu. Na kwamba huko Tabuk aliletewa jibini, akaomba kisu, akalitaja jina la Mungu, akaikata. Tena akiwa safarini alivaa joho la Kirumi, ambalo mikono yake ilikuwa myembamba hata alipotaka kutawadha ilimbidi aitoe mikono yake kwa chini. Warumi wa siku zile walikuwa Wakristo. Kama kitu kingeharamika kwa sababu tu kimetoka kwao, yeye angekuwa wa kwanza kulivua joho lile.

Na tukiuliza meza hiyo ni ya Kizungu kwa kadiri gani, twapata jibu la ajabu. Viazi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na nyanya zilifika Ulaya kutoka Mexico. Vyote viwili havikujulikana huko kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kahawa iletwayo mwisho wa chakula ilinywewa na masufi wa Yemen katika karne ya 15 ili wapate kukesha katika ibada, na London haikupata duka la kahawa mpaka mwaka 1652. Miwa ya sukari ililimwa Hispania na Waislamu. Hata desturi ya kuleta supu kwanza, kisha nyama, kisha vitamu, husimuliwa kuwa ilianzishwa na Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Mashariki akafika Cordoba mwaka 822. Na uma wenyewe? Katika karne ya 11 binti mmoja mtukufu wa Constantinople aliolewa Venice, akawa hali kwa vidole bali kwa uma wa dhahabu. Na mtawa mashuhuri wa Kikristo, Petro Damiani, aliandika kuilaumu anasa yake hiyo. Kumbe Wakristo nao walikwisha kuushutumu uma kwa jina la dini!

Basi yule asiyethubutu kuushika uma kwa hofu ya dini, na yule anayejivuna kwa kuwa anajua kuushika, wote wawili wamekosea kosa moja: wamekipa kipande cha chuma uwezo wa kumpandisha au kumteremsha mtu mbele ya Mungu.

Pili, ziko amri, na hapa hapana nafasi ya kulegea. Nyamafu, damu na nyama ya nguruwe vimekatazwa, na ulevi vivyo hivyo. Mlaji na ajue kwamba wapishi wa Kifaransa hutia divai katika michuzi mingi ya nyama na kuku. Kwamba Wataliano hutia nyama ya nguruwe katika baadhi ya michuzi yao ya tambi. Na kwamba soseji nyingi za Kijerumani ni za nguruwe. Kuuliza si aibu. Aibu ni kula kwa kuogopa kuonekana mshamba. Na kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuketi kwenye meza inayopitishwa ulevi, mwalikwa amwarifu mwenyeji wake mapema na kwa upole. Mwenyeji mwungwana hatachukia. Na akichukia, basi urafiki wake ulikuwa wa chupa, si wa mtu.

Ama nyama ya halali iliyochinjwa na Watu wa Kitabu, Sura ya 5 ya Kurani Tukufu imetuhalalishia chakula chao. Na watu walipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaletewa nyama na watu waliotoka karibuni katika ukafiri, wala hawajui kama jina la Mungu lilitajwa juu yake, aliwaagiza walitaje wao wenyewe na wale. Dini hii haikuletwa ili kumfanya mtu awe mpelelezi wa jikoni za watu.

Huenda mtu akasema: Iko Hadithi inayotuonya tusijifananishe na watu wengine. Ni kweli, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kujifananisha kunakoangamiza huanza moyoni. Siku za ukoloni, katika hoteli kubwa za Nairobi, Mwafrika aliingia kwa kubeba masinia, si kwa kuketi na kuagiza. Si ajabu basi kwamba mjukuu wake, aketipo leo kwenye meza ile ile, huona kama amekombolewa. Furaha hiyo si dhambi. Lakini na ajichunguze anaporudi nyumbani jioni. Je, ugali wa mama yake umekuwa mchungu kinywani mwake? Je, anaona haya mgeni akimkuta baba yake anakula kwa vidole? Ikiwa ndivyo, basi amejifananisha kweli kweli, hata kama hakuonja tone la divai. Maana ameiga dharau ile ile iliyomfungia babu yake mlango. Mtume wetu hakukitia ila chakula chochote: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha akanyamaza.

Kipo kipimo kingine, nacho husimama karibu na kiti cha mlaji: ni mtumishi anayeleta sahani. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, nawe hukumketisha pamoja nawe, basi umpe japo tonge moja au mawili, kwani ndiye aliyevumilia joto lake na taabu yake. Hotelini huwezi kumketisha, lakini waweza kumwita kwa heshima, kumshukuru, na kutomkemea mbele ya watu. Anayelitaja jina la Mungu juu ya sahani, kisha akamdharau aliyeileta, hakuelewa alilolitaja.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa, nenda. Taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, ukiwa na uma au bila uma, ya haramu uyaache bila makelele, usisaze kwa ufahari, na umshukuru aliyekualika. Inuka mezani ukiwa yule yule uliyeketi. Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali na nyoyo zisizobadilishwa na sahani. Amin.