Je, Nia Njema Inatosha?

Mtu anayekusaidia bila kukuuliza unachohitaji anakutumikia wewe, au anatumikia fikra zake kukuhusu? Shule ya wasioona ya Paris ililazimika kulijibu swali hili kwa vitendo.

Mwanzilishi wake, Valentin Haüy, aliwahi kuona vipofu wakivalishwa mavazi ya kejeli na kupigishwa muziki sokoni ili umati uwacheke. Alichomwa moyo. Mwaka 1785 alifungua shule, mwanafunzi wake wa kwanza akiwa François Lesueur, kijana aliyekuwa akiomba sadaka. Haüy alichapa herufi za kawaida zikiinuka juu ya karatasi, na kwa kupapasa, asiyeona akasoma.

Akasoma kwa tabu. Herufi hizo zilibuniwa kwa ajili ya macho: kidole kilibidi kifuate kila mkunjo, na vitabu vilikuwa vikubwa na vizito mno.

Louis Braille aliingia shuleni hapo mwaka 1819, akiwa na miaka 10. Upofu wake ulianzia katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, alipojichoma jicho kwa msharasi akiwa na miaka mitatu. Alijifunza maandishi ya nukta zilizoinuka yaliyobuniwa na Charles Barbier, ambamo alama moja ilifika nukta 12, nyingi kuliko ncha ya kidole inavyoweza kutambua kwa mguso mmoja. Akazipunguza hadi 6, na mwaka 1829 akachapisha mfumo wake.

Wanafunzi waliupenda. Hata hivyo, miaka ya 1840 mkuu wa shule, Pierre-Armand Dufau, aliupiga marufuku. Waliopinga nukta walidai kuwa maandishi yasiyosomeka na wenye macho yangewatenga vipofu. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini aliyerahisishiwa kazi hapo ni mwalimu mwenye macho.

Dini zetu zililigusa mapema jambo hili la kumsikiliza anayesaidiwa. Katika Injili ya Marko, Bartimayo kipofu anaulizwa kwanza na Yesu anataka afanyiwe nini, ingawa haja yake ilionekana wazi. Sura ya Abasa katika Qur'ani inamlaumu Mtume kwa kumpa kisogo kipofu aliyekuja kutafuta elimu, ambaye wafasiri humtaja kuwa Abdullah ibn Umm Maktum. Kote kuwili, asiyeona ana sauti, na sauti hiyo inadai kusikilizwa.

Wanafunzi wa Paris waliendelea kuandika nukta kwa siri, mpaka Dufau akalegeza msimamo. Braille alifariki mwaka 1852. Ufaransa iliukubali mfumo wake rasmi mwaka 1854. Ndizo nukta nundu zinazosomwa leo katika shule za wasioona za Thika nchini Kenya na Buigiri mkoani Dodoma, Tanzania. Huko nako wapo wanaopanga vitabu, mitihani na mabweni ya wanafunzi wasioona, na wanafunzi hao wana haki ya kuulizwa kabla mipango haijapitishwa.