Picha ya mtu na mkewe ni amana ya nani?

MIONGONI mwa mambo yaliyozoeleka hivi sasa katika mji wetu wa Zanzibar ni watu waliooana kwa miaka mingi kwenda bustani ya Forodhani kupigwa picha za kumbukumbu ya ndoa yao. Zamani tulizoea kuwaona maharusi tu. Siku hizi wanakuja mtu na mkewe waliotimiza miaka kumi, miaka ishirini na mitano, hata arubaini, wamevaa nguo za kufanana, watoto na wajukuu wakiwa pembeni. Mimi kazi yangu ni kupiga picha, na sehemu kubwa ya riziki yangu Allah (s.w.) ameijaalia katika bustani ile. Kwa hiyo jambo hili silisimulii kwa kusikia. Na naona ndani yake mna swali ambalo inafaa sisi Waislamu tulizungumze.

Swali lenyewe si lile la siku zote, kwamba picha ni halali au ni haramu. Hilo maulamaa wamelizungumza kwa urefu. Wapo waliokataza picha za viumbe vyenye roho isipokuwa kwa dharura, kama za vitambulisho, na Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, ni mmoja wao. Wapo waliosema kwamba picha ya kamera si kuchora wala si kushindana na Muumba, bali ni kukizuia kivuli ambacho Allah mwenyewe amekwishakiumba, mfano wa sura katika kioo. Miongoni mwa hao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, ambaye aliandika risala juu ya mas-ala haya. Mimi nafuata kauli hii ya pili. Anayefuata ile ya kwanza namheshimu, na simwiti mbele ya kamera yangu.

Wala swali si kama kuhesabu miaka ya ndoa ni kuwaiga wengine. Wapo masheikh wanaoona hivyo, na hoja zao zinajulikana. Nitasema tu kwamba kuhesabu miaka na kuiwekea alama si jambo geni mahali pale. Bustani yenyewe ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, na jina lake la kwanza lilikuwa bustani ya Jubilei. Mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa yaliyofanywa na taasisi ya Aga Khan.

Swali langu mimi ni hili. Mtu na mkewe wakishapigwa picha, picha ile ni ya nani? Ni ya aliyelipa? Ni ya mpiga picha? Ni ya mume, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa nyumba? Au ni ya wote wawili? Na kama ni ya wote wawili, mmoja akiridhia itoke na mwengine akakataa, mwenye kuishika afanye nini?

Nitoe mfano ili tusizungumze hewani. Kijana mmoja aliwaleta wazee wake bustanini, wametimiza miaka thelathini ya ndoa. Gharama zote alizitoa yeye kama zawadi. Nikawapiga wamekaa kwenye benchi, nikawapiga wamesimama bahari ikiwa nyuma yao. Upepo wa jioni ukaupeperusha mtandio wa mama, mzee akaushika upindo akamrudishia vizuri begani, na mama akamtazama akacheka. Hapo nikapiga. Yeyote anayeijua kazi hii atakwambia kwamba picha za namna hiyo hazipangwi. Nilipowaonyesha katika kamera, mama akaangaza huku na huku, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii iwe yetu sisi wawili tu. Usimpe mtu."

Baada ya siku mbili kijana akaja na flashi, anataka picha zote. Hasa aliitaka ile, ikachapishwe bango kubwa la ukumbini na itumwe kwenye WhatsApp kwa jamaa wa Muscat na Uingereza. Nikampa zote isipokuwa hiyo. Nikamwambia hiyo nitampelekea mama mkononi, naye akipenda atampa. Akampigia simu baba yake, na mzee akasema hana neno, apewe. Kijana akanigeukia, "Pesa nimetoa mimi, baba amekubali, wewe ni nani?" Sikumpa. Kazi ya kupiga picha siku ya sherehe, ambayo tulikwishakubaliana, akampa mtu mwengine.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa anataka kuwafurahisha wazazi wake, na hilo ni jambo jema. Lakini hoja zake zinastahiki kuangaliwa moja moja, kwa sababu ndizo hoja za watu wengi.

Hoja ya kwanza ni kwamba aliyelipa ndiye mwenye mali. Kijana akimlipa fundi cherehani amshonee mama yake gauni, gauni lile ni la nani? Hapana atakayesema ni la kijana. Alichonunua ni kazi ya fundi, na alichotoa ni zawadi. Zawadi ikishapokewa ni ya aliyezawadiwa, na aliyeitoa hana tena neno juu ya lini ivaliwe na wapi ivaliwe. Kama ni hivyo katika kitambaa, vipi itakuwa katika uso wa mtu na kicheko chake?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwamba baba ameridhia na baba ndiye msimamizi. Ni kweli Allah (s.w.) amewafanya wanaume kuwa wasimamizi wa wake zao. Lakini tuangalie usimamizi huo unaishia wapi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 20 na ya 21, mume amekatazwa kurudisha hata kidogo katika alichompa mkewe, hata kama alimpa mrundi wa mali, na sababu iliyotajwa ni kwamba wawili hao wamekwishaingiliana na wamefungana kwa ahadi nzito. Ikiwa mahari, ambayo asili yake yametoka mfukoni mwa mume, hawezi kuyatoa mkononi mwa mke bila ya ridhaa yake, basi atakuwaje na uwezo wa kuitoa haya ya mke kuwapa watu wengine? Haya ile hakumpa yeye. Na wafanyabiashara tunajua kwamba katika mali ya shirika, mshirika mmoja haliuzi fungu la mwenzake. Picha ya watu wawili ni mali ya shirika. Ridhaa ya mmoja ni nusu ya ridhaa.

Hoja ya tatu ni kwamba mama alikuja mwenyewe Forodhani, mahali pa wazi, mamia ya watu wanakula mishikaki na kunywa juisi ya miwa, na wote walimwona. Tena alikuwa amejistiri. Basi kuna siri gani? Hapa naomba msomaji azingatie vizuri. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, alimfundisha Sayyidna Ali (r.a.) kwamba asiufuatishe mtazamo wa kwanza kwa mtazamo wa pili, kwani wa kwanza umesamehewa na wa pili si halali kwake. Mpita njia pale bustanini ana mtazamo wa kwanza. Anaona, anapita, anasahau. Picha ni mtazamo wa pili usiokwisha. Anayeishika anaweza kuitazama mara mia, kuikuza, kuikata, kumtumia asiyemjua, na hivi sasa zipo hata programu za kompyuta zinazoweza kuupachika uso wa mtu kwenye mwili usio wake. Kuridhia kuonekana si kuridhia kuwekwa. Na stara si ya nguo peke yake. Mtu anaweza kuwa amefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na bado akawa na jambo usoni mwake ambalo ni la mtu mmoja tu duniani.

Pengine mtu ataniuliza, je, unataka kusema mapenzi ya mtu na mkewe yafichwe? Hasha. Tukitazama sira tutaona mizani nzuri. Amr bin al-Aas (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani anayempenda zaidi katika watu, alijibiwa waziwazi kuwa ni Aisha. Na alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (r.a.) usiku, wakapita Ansari wawili wakiharakisha mwendo, aliwasimamisha akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya. Hakuona tabu kusema mbele ya watu, huyu ni mke wangu. Lakini pia imepokewa kwamba katika safari moja alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na katika mapokezi ya Imam Ahmad, kabla ya mbio hizo aliwaamuru watu watangulie mbele. Mchezo ulikuwepo, furaha ilikuwepo, na uwanja ulikuwa wa wazi, lakini watazamaji walitangulizwa. Wala sisi tusingelijua habari hiyo lau Bi Aisha mwenyewe asingelitaka kuisimulia. Mwenye habari ndiye aliyeitoa.

Kwa maana hiyo ndoa ina mlango na ina chumba. Mlango umefanywa kuwa wa watu. Kwa hiyo pana mashahidi, pana walima, pana dufu. Chumba ni cha wawili, na Qur-an katika Suratul Baqara, aya ya 187, imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Picha ya wazee wawili wamesimama pamoja baada ya miaka thelathini ni picha ya mlango. Ni shukurani, tena ni mafunzo kwa vijana ambao ndoa zao zinavunjika kabla ya mwaka. Na ina faida ya kumbukumbu. Wapo waliopigwa mbele ya Beit el Ajaib kabla sehemu yake haijaporomoka Desemba 2020, na leo picha zile wanazithamini mara mbili. Lakini ile ya mtandio ilikuwa imekwishavuka kizingiti. Nani wa kupima ni wapi mlango unaishia na chumba kinaanza? Si kamera, si mtoto, wala si mimi. Ni wale wawili, na yule mwenye haya zaidi ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Limebaki lile swali la kijana, "wewe ni nani?" Ni swali la haki, kwani mpiga picha ni mtu baki. Lakini Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Jabir bin Abdillah (r.a.) kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kuangalia, mazungumzo hayo ni amana. Hakushurutishwa aseme "nakuwekea amana". Kule kuangaza kwake kunatosha. Mama yule aliangaza, tena akasema. Tangu hapo sikuwa mwenye kumzuilia kijana kitu chake. Nilikuwa mwenye kushika kitu cha mwengine, na amri ya Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ni kuzirudisha amana kwa wenyewe. Haikusema turudishe kwa aliyelipa, wala kwa mwenye sauti kubwa.

Nawausia wapiga picha wenzangu mambo matatu. Kwanza, kabla hamjapiga, waulizeni wote wawili, na mke aulizwe yeye mwenyewe, asijibiwe. Pili, msiwaamrishe watu wazima kukumbatiana na kubusiana hadharani ili picha ipendeze. Wengi wanatii kwa kukuoneeni haya, si kwa kupenda. Tatu, msitundike dukani wala msitume mitandaoni sura ya mtu kwa kutangaza kazi zenu bila ya idhini. Hata dola zimeliona hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Muislamu hakupaswa kusubiri sheria hizo, kwani ya kwake anayo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne.

Na nyinyi watoto mnaowatunza wazee wenu, Allah akulipeni. Zawadi mnazowapa ziwe zao kwelikweli. Kabla hujaituma picha ya wazazi wako kwa jamaa mia mbili, kaa karibu na mama, umuulize pasipo watu, na umpe nafasi ya kusema hapana. Akisema hapana, hujapoteza kitu. Picha ipo, inatazamwa na wale wawili ambao ndio wenyewe.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.