Kinyozi Hajinyoi

Umepata kujiuliza, msomaji, kwa nini kinyozi huenda kunyolewa na mwenzake? Wembe anao, mkono mwepesi anao, hata kioo anacho. Walakini hawezi kusimama nyuma ya kichwa chake mwenyewe. Methali hii aghalabu huambiwa mtu mwenye shida asiyetaka kusaidiwa. Mimi nataka kuitumia kwa shida nyingine, ambayo huwapata wenye vipaji zaidi ya wengine: je, mtu aweza kuwa mtenda kazi na hakimu wa kazi ile ile kwa wakati mmoja?

Nitatoa mfano katika sinema. Mwaka 1978 ilitolewa Marekani picha ya kauboi ya kuchekesha, jina lake Goin' South. Mchezaji wake mkuu alikuwa Jack Nicholson, ambaye mwaka 1976 alikuwa amepewa tuzo ya Oscar kwa uchezaji wake katika One Flew Over the Cuckoo's Nest. Na mwongozaji wa picha hiyo, aliyewaamuru wachezaji wote, alikuwa nani? Alikuwa Nicholson huyo huyo.

Hadithi yenyewe inapendeza. Jambazi aitwaye Henry Moon anakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa katika mji mdogo wa Texas. Mji huo una sheria ya ajabu, iliyowekwa kwa sababu wanaume wengi waliangamia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865: mwanamke mwenye mali, asiye na mume, akikubali kuolewa na mtu aliyehukumiwa, mtu huyo huvuliwa kitanzi. Julia Tate, mwanamke mkali mwenye shamba na mgodi, anamwokoa Moon. Hana mapenzi naye hata kidogo. Anamtaka achimbe dhahabu. Unaona jinsi kicheko kilivyo karibu. Mtu ameponyoka mauti akaangukia sururu.

Hata hivyo picha hiyo iliwavunja watu moyo. Wahakiki wengi hawakuisifu, wala watazamaji hawakuikimbilia. Mimi nilipoitazama niliiona sababu usoni pa Nicholson mwenyewe. Anakodoa macho, anabenua midomo, anakwaruza sauti. Na tendo moja likikuchekesha, analirudia mpaka kicheko kinakufa. Kila mchezaji huzidisha chumvi, wala hiyo si aibu. Ndiyo maana huwekwa mtu kando ya kamera, mwenye mamlaka ya kusema, "Hapo umezidi, rudia, na sasa upunguze." Katika picha hii mwenye mamlaka hayo alikuwa mbele ya kamera, akikodoa macho.

Usidhani hakuijua kazi. Hapa ndipo jambo hili linaponishangaza. Aliyempa sehemu ya Julia alikuwa Mary Steenburgen, mwanamke ambaye hakuwa amepata kucheza katika picha yoyote, na ambaye alikuwa akijipatia riziki kwa kuhudumu mkahawani New York. Nicholson alimchagua, na hakukosea: Steenburgen anacheza kwa utulivu na kiasi, na mwaka 1981 naye alipewa Oscar kwa picha nyingine, Melvin and Howard. Jicho lililomwona mgeni vizuri namna hiyo lilishindwa kumwona mwenye jicho.

Wako watakaosema kwamba hiki ni kiburi tu. Siafiki. Mtu asiye na kiburi hata chembe naye haoni kisogo chake. Tena wako walioongoza na kucheza wakafaulu. Charlie Chaplin alifanya hivyo katika The Gold Rush, mwaka 1925, na katika City Lights, mwaka 1931. Lakini tazama alivyofanya. Katika City Lights aliurudia mkutano mfupi wa maskini na kipofu muuza maua mara nyingi mno. Akamfukuza mchezaji mwenziwe, kisha akamrudisha. Alikuwa na desturi ya kuwaonyesha watu picha kabla haijatolewa, apate kusikia wapi wanacheka na wapi wamenyamaza. Alikuwa na karakana yake, fedha zake na nafasi ya kungoja. Kwa kukosa hakimu mmoja, aliwafanya wageni na siku kuwa mahakimu wake. Si wengi wawezao kumudu gharama hiyo.

Lakini swali linaloniudhi zaidi ni juu ya wale wanaosimama kando ya mkubwa na kumtazama akikosea. Mtu anayelipwa na wewe akicheka, kicheko chake ni ushahidi gani? Huenda anaogopa, huenda anakupenda kweli, na hataki kukuumiza. Mimi namlaumu huyu wa pili zaidi. Yule mwoga ana watoto wa kulisha, na udhuru wake waeleweka. Huyu mpenzi ananyamaza ili aendelee kuonekana mwema, na gharama ya wema wake hulipwa na rafiki yake mbele ya watu wote. Katika hadithi ile, Moon anaye Julia wa kumkaripia asubuhi na jioni, na kwa kukaripiwa huko anakuwa mtu. Aliyemcheza Moon hakuwa na Julia.

Nawe, msomaji, siku moja mwenzako atakunyoshea daftari lake, akuulize kama insha yake ni nzuri. Utayaona macho yake, nawe utajua mara moja ni jibu gani analolitaka. Sitakudanganya kwamba kumpa jibu jingine ni jambo jepesi, au kwamba atakushukuru.

Insha hii nilimpa mwenzangu aisome kabla ya kuitoa. Alifuta aya mbili nilizozipenda kuliko zote. Nilimnunia siku tatu. Sasa najaribu kukumbuka aya zile zilisema nini, wala sikumbuki.