Hisabu ya Sadaka ya Shirika

Ndugu zetu Waislamu, baina ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana katika nyika za Kenya, na wafugaji wa Kajiado, hata pande za Kitengela, wakafiwa na mifugo. Jumuiya za misaada, zikiwamo Oxfam na ACTED, zilishirikiana kuwapelekea watu wa nyika fedha kwa simu.

Je, kuikagua kazi kama hiyo ni kuwadhania vibaya wafadhili? Sisi twasema, la! Sadaka ikishatolewa ni amana ya maskini. Na washirika wakiwa wengi, kila mmoja humtegemea mwenziwe, na aliyesahauliwa hana wa kumshitaki. Basi mkaguzi asihisabu shilingi zilizotoka tu. Naamwulize kwanza mjane ambaye jina lake halikuandikwa.

Nasi tukusanyao Zaka, tukubali kuulizwa vivyo hivyo.