Nani Humwita Daktari?



Kila tarehe 18 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Luka Mtakatifu, ambaye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu mpendwa. Ni desturi njema siku hiyo kuwaombea madaktari, wauguzi na wagonjwa. Lakini ni kitu gani hasa humfanya mtu akusudie kuwa daktari?

Waulizeni watoto wetu wa sekondari. Wengi watajibu upesi kwamba baba anataka, au kwamba daktari hakosi kazi. Mshahara si dhambi, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kutazamia kitu. Ila sijaona mshahara uliomwamsha mtu saa nane za usiku naye akaamka kwa moyo mweupe.

Ida Scudder alizaliwa India mwaka 1870. Babu yake alikuwa daktari mmisionari kutoka Marekani, na baba yake vile vile. Yeye hakuitaka kazi hiyo hata kidogo. Alisomeshwa Marekani, na alipoitwa kurudi India kumwuguza mama yake, alikusudia kukaa muda mfupi tu, kisha arudi Marekani kwenye maisha ya raha.

Usiku mmoja huko Tindivanam, kusini mwa India, mtu wa tabaka la Wabrahmani alipiga hodi. Mke wake, msichana mdogo, alikuwa katika uchungu wa kuzaa, na mkunga ameshindwa. Ida akamwambia kwamba daktari ni baba yake. Yule mtu akakataa, maana kwa desturi yao mwanamume asiye wa nyumba yao hawezi kumtazama mke wake. Akaenda zake. Akaja Mwislamu mwenye shida ile ile, akakataa vile vile. Akaja na wa tatu, Mhindu mwingine wa tabaka la juu. Kulipokucha, Ida alisikia ngoma za mazishi. Wanawake wote watatu walikuwa wamekufa.

Angalieni, ndugu zangu. Daktari alikuwamo mle nyumbani, tena mwenye ujuzi na tayari kwenda. Aliyekosekana ni mtu awezaye kuingia katika nyumba zile.

Luka peke yake ndiye aliyetuandikia habari za Msamaria mwema, katika sura ya 10. Kuhani aliona, na Mlawi aliona. Msamaria naye aliona, lakini yeye alikaribia. Mimi naamini kwamba Mungu alimwita Ida kwa hodi zile tatu alizoshindwa kuziitikia, bila ndoto wala sauti kutoka mbinguni.

Basi akaenda kusomea udaktari. Mwaka 1899 alihitimu chuo cha Cornell, New York, katika kundi la kwanza la wanawake waliohitimu hapo. Akarudi India mwaka 1900, akaanza kutibu Vellore katika chumba kidogo chenye kitanda kimoja. Hospitali ya wanawake ilifunguliwa mwaka 1902. Akaona mikono yake miwili haitoshi, akaanzisha shule ya wauguzi mwaka 1909, na chuo cha udaktari cha wanawake mwaka 1918. Alifariki mwaka 1960. Hospitali ya Vellore ingalipo, nayo hupokea wagonjwa wa mataifa mengi.

Nasi waume tusiwacheke watu wa Tindivanam. Katika vijiji vyetu pia mama huchelewa kufika hospitali kwa kungoja ruhusa ya mume au ya mama mkwe. Na ninyi mlio madaktari na wauguzi tayari, yule aliyeketi kwenye benchi tangu alfajiri anapiga hodi.

Wazazi, kabla ya kumchagulia mtoto kazi, mpelekeni akawatazame wagonjwa. Amnyweshe bibi uji, abadilishe shuka, akae na mtu anayeugua usiku. Huenda akagundua kwamba hawezi. Afadhali ajue akiwa na miaka 15 kuliko baada ya ng'ombe kwisha zizini.

Katika sala za siku ya Luka Mtakatifu, tuwataje wanafunzi wa udaktari na uuguzi pamoja na wagonjwa wetu. Kijana ambaye jambo hili linamsumbua moyoni, naye bado hajaamua, asiondoke baada ya ibada, aje tuzungumze.